Nilidhani Ana Mwingine, Kumbe Anasaka Vipande

Saa nane na dakika kumi usiku. Naamka, napapasa upande wa pili wa kitanda, shuka limepoa. Na si ule ubaridi wa mtu aliyekwenda msalani mara moja. Huyu aliondoka zamani. Kwenye upenyo wa mlango wa jikoni naona mwanga wa kompyuta na mgongo wa mume wangu, hedifoni masikioni, ameinama kama mwanafunzi aliyeingia na kikaratasi kwenye chumba cha mtihani. Nikakohoa. Laptopu ikafungwa, pa!

"Hujalala?" ananiuliza. Yeye, ananiuliza mimi.

Mpenzi msomaji, wewe ungefikiria nini? Basi na mimi nilifikiria hivyo hivyo.

Ilikuwa Februari 2013, mjini Utrecht, Uholanzi. Mwenzangu alitangulia Septemba 2011 kusoma shahada ya pili, miezi mitano tu baada ya harusi yetu. Mimi nikamfuata Novemba 2012 na sanduku moja, khanga nne, na digrii yangu ya mawasiliano ya umma ambayo kule haikumshtua mtu. Dar nilikuwa nahariri habari za watu. Utrecht nikawa nasuka nywele za wadada wa Kighana na wa Kikongo, sebuleni kwao, kwa euro za kuhesabu. Silalamiki, mikono yangu ilinilisha. Ninachotaka ujue ni kwamba tulikuwa wanandoa wa karibu miaka miwili ambao hawajakaa pamoja hata mwaka mmoja, tumerudishwa kwenye chumba kimoja na jiko, nje theluji, ndani ukimya. Halafu mume anaamka usiku wa manane kwenda kuchungulia kompyuta.

Nikamweleza shoga yangu mmoja wa Dar kwa simu. Hakusita hata kidogo. "Shoga, mwanamume akifunga laptopu ukiingia, usiulize. Fungua."

Nikafungua.

Alikuwa amekwenda darasani. Nywila ilikuwa tarehe ya harusi yetu, jambo ambalo lilipaswa kunituliza pale pale, lakini wivu hausomi tarehe. Nilitegemea picha. Nilitegemea barua zenye mioyo. Nilichokuta ni orodha ya mafaili yenye jina moja, yamepangwa kwa namba, 01 mpaka 31. La 9, la 10 na la 22 yamewekewa alama nyekundu. Chini yake kuna mafaili mengine matatu madogo madogo, na mstari wa maandishi ambao kwa Kiswahili ungesomeka hivi: ukarabati umeshindikana, viraka havitoshi, vimepungua 4.

Na lile jina la mafaili nililijua. Lilikuwa jina la bendi moja ya dansi ya Tanga, likifuatiwa na mwaka 1984. Bendi siitaji hapa, wenyewe wapo. Ila marehemu baba mkwe wangu alipuliza tarumbeta katika bendi hiyo.

Jioni nikamwambia ukweli. "Nimefungua kompyuta yako."

Alikaa kimya muda mrefu, anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Halafu akavuta kiti cha pili karibu na chake, akaniambia, "Kaa hapa. Baba yumo humu."

Sasa ngoja nikueleze alichonieleza, maana ukikosa hapa utakosa kisa chote.

Kuna kitu kinaitwa Usenet. Wadogo zangu mliokuta WhatsApp imeshawekwa mezani mtanisamehe, hiki ni cha zamani kuliko mtandao mnaoujua. Kilibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, na mwaka 1980 kikaanza kufanya kazi kati ya Duke na Chuo Kikuu cha North Carolina kwa njia ya laini za simu. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi. Watu wanaandika ujumbe kwenye kundi la mada fulani, iwe siasa, mapishi au hesabu, na kila kompyuta kubwa inayohifadhi ujumbe, yaani seva, inampa jirani yake nakala. Seva moja inamwambia mwenzake, "Nina ujumbe huu, unautaka?" Mwenzake akisema ndiyo, unapelekwa, naye anampelekea anayefuata. Kama majirani wanavyopelekeana sahani za futari. Hakuna makao makuu, hakuna bosi.

Tatizo, Usenet iliumbwa kwa ajili ya maandishi. Muziki si maandishi, picha si maandishi. Kwa hiyo watu wakatafuta njia ya kuvigeuza vikae kama herufi, na njia ya kwanza iliyoenea ilivinenepesha kwa theluthi moja na zaidi. Mwaka 2001 Mjerumani mmoja, Jürgen Helbing, akaleta njia iitwayo yEnc ambayo haiongezi hata asilimia chache. Lakini hata hapo ujumbe mmoja haubebi mzigo mkubwa. Inabidi ukatekate. Rekodi yetu ya Tanga ilikuwa kaseti ya dakika 90 iliyoingizwa kwenye kompyuta, karibu megabaiti 460. Aliyeituma aliikata mafungu 31, halafu kila fungu likasafiri kwa jumbe kama 40. Piga hesabu: ni zaidi ya jumbe 1,200, kila mmoja na kipande chake, kwa ajili ya kaseti moja.

Katika hizo zaidi ya 1,200, zilizokosekana zilikuwa 11. Haifiki hata asilimia 1. Na bado faili halifunguki.

Hili ndilo lililoniuma kichwa. Mtu akikuletea gunia la mchele punje kumi zikadondoka njiani, utapika tu. Lakini mafungu haya yamebanwa kwa programu inayokagua kila kitu kabla ya kukifungua, na jibu lake ni moja: limeharibika. Ukiilazimisha itoe hivyo hivyo kilichoharibika, inakupa mpaka pale penye pengo la kwanza, basi. Kwa mume wangu pengo la kwanza lilikuwa fungu la 9. Kwa hiyo alikuwa na dakika 23 na kitu za baba yake.

Akanivalisha zile hedifoni. Nikasikia ukumbi, glasi, watu wanacheka, gitaa linarekebishwa nyuzi. Nyimbo tatu zikapigwa, tamu kweli. Halafu mtangazaji wa bendi akashika kipaza sauti, akaanza kuwataja wapigaji mmoja mmoja. Gitaa la solo, makofi. Gitaa la rithimu, makofi. Besi, makofi. Ngoma, makofi mengi, nadhani huyo wa ngoma alikuwa kipenzi cha watu. Kisha ikakata.

Kila usiku alikuwa anaamka kusikiliza mpaka pale. Ati labda safari hii itaendelea.

Baba yake alifariki Juni 2012. Yeye alikuwa katikati ya mitihani, tiketi ya haraka ilikuwa ghali kuliko fedha zake zote, na kwa mila zetu za Kiislamu maiti haisubiri ndege. Walizika siku ile ile. Mimi nilikuwepo Tanga, nilipika na wanawake wenzangu, nilimshika mama mkwe mkono. Mume wangu alizika kwa simu. Na katika miezi yote mitatu tangu nifike Utrecht hatukuwahi kulizungumza lile jambo hata siku moja. Mimi nilidhani hataki. Yeye, alikuja kuniambia baadaye, alidhani sijamsamehe kwa kutokuja.

Lakini narudi kwenye vipande, maana usiku ule kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu cha kuzungumza.

Kwa nini ujumbe unapotea? Sababu ziko nyingi. Katika kupelekeana, seva moja inaweza kuzidiwa ikaangusha baadhi, na jirani zake wa mbele hawatapata kamwe. Diski inaweza kufa. Kampuni inayohifadhi inaweza kuwa na muda maalumu, ikifika siku kadhaa inafuta vya zamani kupisha vipya. Na mwenye haki ya kazi akilalamika, kampuni inaondoa. Tusidanganyane hapa, sehemu kubwa ya waliokuwa wakishusha mafaili huko walikuwa wanasaka filamu na programu za watu bila kulipa. Uholanzi wakati huo mtu aliruhusiwa kujishushia muziki na filamu kwa matumizi yake hata kama chanzo si halali, mpaka Aprili 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliposema hapana. Ila kaseti ya ukumbi wa dansi Tanga, iliyorekodiwa na mgeni mwenye redio kaseti mwaka 1984, haikuwa dukani popote. Bendi zetu nyingi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na usiku wa ukumbini ulikuwa unaisha pale pale ukumbini.

Ujumbe wetu ulitumwa katikati ya mwaka 2009. Mpaka Februari 2013 zilikuwa zimepita siku 1,300 na kitu. Kampuni aliyokuwa akiilipia mume wangu ilikuwa bado inahifadhi vya tarehe hizo, kwa hiyo tatizo halikuwa umri. Zile 11 zilidondoka njiani tu.

"Si umwombe aliyetuma atume tena?" nikauliza. Mimi mtu wa mawasiliano bwana, naamini katika kuomba.

Alishaomba. Ilikuwa ni desturi kabisa, unaandika kundini kwamba jamani, fungu la 9 na la 10 na la 22 hayajakamilika kwangu, mwenye nayo anirushie. Zamani watu walijibu ndani ya saa chache. Yeye aliandika mara tatu, hakuna aliyejibu. Anwani ya barua pepe ya mtumaji nayo ilikuwa ya uongo, imechomekwa maneno katikati isiweze kutumika. Na hilo lina historia yake inayowahusu wanandoa, sikilizeni. Aprili 1994, mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, mke na mume, walimwaga tangazo lao kwenye maelfu ya makundi ya Usenet kwa mpigo. Tangazo la nini? La kuwatafutia watu bahati nasibu ya Green Card! Ile ile ambayo nusu ya marafiki zangu wa chuo waliijaza. Watu walikasirika kupita kiasi, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka, matangazo ya kero yakafurika, na watumiaji wakaanza kuficha anwani zao. Kwa hiyo miaka kumi na tisa baadaye kijana wa Tanga anashindwa kumpata mtu mwenye sauti ya baba yake. Sisemi mengi.

Ukishusha kitu leo kutoka kwenye tovuti ya kawaida, nacho kinasafiri kwa vipande. Tofauti ni kwamba kipande kikipotea, kompyuta yako inaomba tena kwa aliyetuma, naye yupo, anakupa, wewe hata hujui. Kwenye Usenet aliyetuma ameshaondoka. Aliweka mzigo barazani miaka minne iliyopita akaenda zake.

Ndiyo maana watu wa huko walibuni viraka. Na hapa ndipo digrii yangu iliponifaa kwa mara ya kwanza tangu nivuke bahari.

Mwaka wa kwanza chuoni kila mwanafunzi wa mawasiliano anachoreshwa ule mchoro wa Shannon na Weaver: mtumaji, chombo, mpokeaji, na mshale wa kelele unaoingia katikati. Wengi tunaukariri, tunafaulu, tunausahau. Lakini Claude Shannon katika andiko lake la mwaka 1948 hakuishia kwenye kelele. Alionyesha kwamba ukitaka ujumbe ufike salama palipo na kelele, inabidi uongeze ziada, useme zaidi ya inavyohitajika. Mhadhiri wetu alitupa mfano ambao sijausahau. Sema "vitabu vyangu vizuri viwili vimepotea". Hesabu "vi" na "vy" humo. Lori likipita nje likameza neno "vitabu", bado unajua ni vitu vya aina gani, kwamba ni vingi, na kwamba vimepotea. Kiswahili kinarudia rudia ili kisipotee. Waingereza wakipitiwa na lori, kwao ndiyo basi.

Viraka vya Usenet ni ziada ya namna hiyo, ila ya hesabu. Mume wangu alijaribu kunieleza kihandisi nikamzuia. Nikamwambia nieleze kwa kamati ya harusi. Akafikiri, akachukua kalamu.

Mweka hazina ana daftari la michango. Watu watano: 50,000, 30,000, 100,000, 20,000 na 70,000. Chini ameandika jumla, 270,000. Chai ikamwagikia daftari, mstari mmoja ukafutika. Je, kuna shida? Hakuna. Jumlisha minne iliyobaki, toa kwenye 270,000, aliyefutika umempata. Na utamu wake ni huu, ile jumla moja inaokoa mstari wowote ule, si lazima ujue mapema chai itamwagikia wapi. Ikifutika mistari miwili, jumla moja haitoshi. Unahitaji jumla ya pili ya aina nyingine, mathalani ile ambayo mchango wa kwanza umezidishwa kwa 1, wa pili kwa 2, wa tatu kwa 3. Ikifutika 11, unahitaji jumla 11. Hesabu zenyewe za kweli waliziandika Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960, na ndizo zilizotumika kwenye CD tangu zilipoanza kuuzwa 1982. Ndiyo maana CD yako yenye mikwaruzo ilikuwa inaimba.

Kuna sharti moja. Jumla lazima uifanye kabla ya chai kumwagika, wakati daftari bado zima. Baada ya hapo hakuna mwenye uwezo wa kuitengeneza.

Mtumaji wetu, sijui alikuwa na haraka au mkono mzito, aliambatanisha viraka 7 tu. Kimoja kwenye faili la kwanza, viwili kwenye la pili, vinne kwenye la tatu. Vilivyokosekana ni 11. Kumi na moja toa saba. Nne.

Basi nikaelewa ule mstari. Na niseme ukweli, nilifarijika na nikakasirika kwa pamoja. Nilifarijika hakuna mwanamke. Nilikasirika kwamba mtu wangu anaomboleza jikoni hatua sita kutoka kitandani na mimi nimelala kama mgeni. Tukagombana. Nilimwambia maneno, naye akanijibu maneno, jirani wa Kiholanzi akagonga ukuta. "Ungenieleza!" "Ungeniuliza!" Tulilala tumepeana migongo, lakini angalau wote tulikuwa kitandani.

Kesho yake nilikuwa na vichwa viwili vya kusuka. Dada mmoja wa Kighana, mumewe anafanya kazi za kompyuta, alikuwepo pale sebuleni akila ndizi za kukaanga. Nikamuuliza tu, kwa kupitisha muda. Alicheka. Akasema kinachokosekana kwenye seva moja si lazima kikosekane kwenye nyingine, maana kila moja ilipokea kwa njia yake, futari ya jirani wa kulia si ya jirani wa kushoto. Kuna kampuni, akasema, ambazo hukuuzia gigabaiti kadhaa kwa mkupuo, unalipa mara moja, hakuna mkataba wa kila mwezi, hazichachi. Watu huzinunua kwa kazi hiyo tu, kujaza mapengo. Akaniandikia kwenye kipande cha bahasha.

Ilinigharimu chini ya euro 10. Mkia mmoja wa rasta, tuseme. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa wiki mbili mbele, sikuweza kusubiri. Nilimpa bahasha jioni ile ile, ndani nimeandika jina la kuingilia na nywila. Nywila nilichagua tarehe ya harusi yetu, makusudi.

Aliisoma, akanitazama, hakusema asante. Alikwenda moja kwa moja kwenye laptopu akasahau hata kuvua koti.

Tulikaa wote wawili mbele ya kioo tukisubiri. Programu inapitia zile 11, moja baada ya nyingine, inauliza seva mpya, unayo? Ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu, ipo! Nilipiga kelele kama kwenye mpira. Mwisho wa yote ilipata 5 katika zile 11. Tano tu. Uso wake ukaanguka.

Mimi ndiye niliyepiga hesabu kwanza, na naomba hilo liandikwe. Nikamwambia, wewe mhandisi, kumi na moja toa tano ni sita. Viraka unavyo saba.

Akageuka akanitazama kama mtu aliyeniona sasa hivi.

Ukarabati ulichukua kama dakika mbili. Mstari wa kijani ukatembea, alama nyekundu zikafutika moja moja, mafungu 31 yakawa mazima, na kiraka kimoja kikabaki hakina kazi. Faili likafunguka. Dakika 90.

Akasogeza mpaka dakika ya 23. Tukachomoa hedifoni ili tusikie wote. Gitaa la solo, makofi. Rithimu, makofi. Besi. Ngoma, makofi mengi. Na sasa, anasema mtangazaji, kwenye tarumbeta...

Likatajwa jina la mtu mwingine.

Sijui nikueleze vipi ule ukimya. Tulirudisha, tukasikiliza tena, labda tumekosea. Hapana, jina lilikuwa wazi kabisa, la mtu mwingine, na tarumbeta ikalia, nzuri, ya mtu mwingine. Tulisikiliza mpaka mwisho wa kaseti. Baba hakutajwa popote. Mume wangu alivua koti hapo, akalikunja taratibu, akaliweka magotini.

"Mpigie Mama," nikamwambia.

Wakati ule simu za nyumbani tulikuwa tunapiga kwa kadi za kukwangua, za euro 5, ukizungumza unasikia sauti yako inarudi. Tanga ilikuwa saa tano na nusu usiku. Mama alipokea kwa hofu, simu ya usiku si ya heri. "Mwanangu, kuna nini?"

"Hakuna neno mama, shikamoo. Nataka usikilize kitu. Mwaka themanini na nne, baba alikuwa anapiga bendini au hapigi?"

"Marahaba. Themanini na nne?" Akanyamaza kidogo. "Mwaka ule mwanzoni alikuwa na jino, shavu limevimba hivi. Hakupuliza miezi miwili mizima. Alikuwa anasimama mlangoni kukata tiketi. Kwa nini?"

Mume wangu hakujibu. Aliweka simu karibu na spika akaacha kaseti iende. Ungeweza kudhani simu haitapitisha kitu, na kweli besi yote ililiwa na ngoma zikawa kama mtu anagonga bati mbali. Mama alisikiliza bila neno. Mara moja moja alitaja jina la mtu, "Huyo fulani huyo, Mungu amrehemu." Nyimbo zikapita. Mimi nilikuwa naangalia dakika za kadi.

Dakika ya 62, wimbo unamalizika, watu wanashangilia, na juu ya makelele yote ukasikika mluzi. Mrefu, unapanda, unashuka mara mbili. Tulikuwa tumeusikia nusu saa kabla tukadhani ni mlevi wa ukumbini. Mluzi bwana ni sauti nyembamba, simu haiimezi. Ulifika Tanga mzima.

"Simama!" Mama akasema. "Simama hapo hapo."

Mume wangu akasimamisha.

"Huyo ni baba yako. Alikuwa ananiita hivyo. Mimi nilikuwa nakaa upande wa mama zetu, yeye akiwa mlangoni akitaka niende akinunue soda, anapiga hivyo. Mwanangu, umeupata wapi?"

Mume wangu alikuwa ameshafungua orodha ya mafungu, kidole kinatembea juu ya kioo, midomo inahesabu. Fungu la 22. Moja ya yale matatu. Alijaribu kumweleza mama, akaanza kusema kuhusu seva na viraka, akashindwa, akanipa mimi simu.

"Mkwe wangu," Mama akaniambia, "mwambie arudishe."

Akarudisha. Mluzi. Akarudisha tena. Mara ya nne kadi ikaisha, simu ikakata katikati. Mume wangu akavaa koti lake, mimi nikavaa langu, tukatoka kwenye theluji kutafuta duka lililo wazi tununue nyingine.